Siku yangu moja Frøya: soksi za wazee, chawa wa samaki na bajeti ya halmashauri

Watu wananiuliza sana, huko ulikoolewa unafanya nini na hicho kisiwa kiko wapi, maana ukisema Norwei mtu anajua Oslo na baridi basi. Sasa nimeamua kuandika siku nzima, Alhamisi moja ya mwisho wa Novemba, niliandika vipande vipande kwenye simu kila nikipata dakika mbili kwa hiyo mpangilio msinilaumu. Mimi mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa si kitu kigeni kwangu, nimetoka kisiwa nikaja kisiwa, hiki kinaitwa Frøya, kiko pwani ya Norwei, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao.

Saa 11:20 alfajiri

Alamu inalia, nje giza totoro, upepo unagonga ukuta kama mtu anayedai kodi ya miezi mitatu. Nilivyokuwa mgeni usiku wa upepo silali, siku hizi upepo ukinyamaza ndo naamka nikijiuliza kuna nini. Frøya ni tambarare mno, kilele chake kirefu kuliko vyote, Bremnestuva, ni mita 76 tu, hicho ndo wanakiita mlima, na miti ni ya kuhesabu. Upepo ukitoka baharini hauna wa kuuzuia, unapita juu ya mawe na vidimbwi na majani makavu mpaka dirishani kwangu. Kuzunguka kisiwa kikubwa kuna visiwa vidogo na miamba kwa maelfu, vingi havina mtu, vichache vina watu kama Sula na Mausund, huko unaenda kwa boti.

Baba watoto keshavaa. Yeye yuko kwenye vizimba vya samoni, boti yao inatoka saa 12. Namuuliza leo kazi gani, ananijibu bila kugeuka, "Leo chawa."

Najua Watanzania mmeshacheka. Chawa wa huku si wale wa kusifia watu mtandaoni, ni mdudu kabisa, anakaa juu ya ngozi ya samoni anaila taratibu, na vizimba vikijaa chawa, samoni wa porini wanaopita karibu nao wanaambukizwa. Kwa hiyo serikali imeweka kikomo, chawa majike waliokomaa wasizidi wastani wa nusu kwa samaki mmoja, na wakati wa masika, vile vifaranga vya samoni wa porini vinatoka mitoni kwenda baharini, kikomo kinashuka mpaka 0.2. Kila wiki wanatoa samaki wachache kwenye kila kizimba, wanawalaza kwa dawa, wanahesabu mdudu mmoja mmoja, wanapeleka ripoti. Nilivyomweleza kaka yangu akasema kumbe kuna nchi chawa wana ukomo kisheria, tuletee hiyo sheria na huku.

Saa 1 kasoro asubuhi

Kumvalisha mtoto wa miaka mitatu nguo za Novemba ni kazi ya kulipwa. Sufi, halafu nguo ya kati, halafu ovaroli ya mvua, halafu buti, ukimaliza anasema haja ndogo. Tunagombana lugha mbili, mimi Kiswahili yeye lahaja ya hapa. Huku hawasemi "jeg" kama kitabu changu cha Kinorwei kilivyonifundisha, wanasema "æ", sauti moja tu kama mtu aliyekanyagwa kidole, na mwanangu anaisema vizuri kuliko mimi. Namwacha chekechea, ya halmashauri hiyo, nakimbia.

Saa 1:30 asubuhi, Sistranda

Sistranda ndo makao makuu, hapo utapata ofisi za halmashauri, shule, maduka, madaktari. Zamani kisiwa kilikuwa na halmashauri mbili, Frøya Kaskazini na Frøya Kusini, zikaunganishwa mwaka 1964. Watu wote leo ni elfu tano na mia kadhaa. Ndiyo, elfu tano, kwetu hiyo ni kata ndogo, lakini huku elfu tano wana meya wao, mkurugenzi wao, baraza la madiwani, na wajibu wote, kuanzia chekechea, shule ya msingi, daktari wa familia, maji, mpaka kuogesha wazee, yaani mimi.

Ripoti ya usiku tunapokea tukiwa na kahawa mkononi. Nani kaanguka, nani hakula, nani kapiga kengele ya shingoni mara nne kwa sababu anataka mtu wa kuongea naye. Kikosi chetu ukitusikiliza ni kama uwanja wa ndege, Mpolandi, Mlithuania, Mfilipino, wenyeji kidogo, na Mkerewe mmoja. Samaki ndo wametuleta karibu wote, kama si wewe basi mumeo. Nachukua simu ya kazi yenye orodha ya nyumba, funguo, gari la umeme, na zile meno za chuma za kuvaa chini ya viatu barafu isinipige mweleka.

Saa 2:10 asubuhi

Nyumba ya kwanza mzee mmoja mvuvi mstaafu, miaka 88, mikono yake kila kidole kama ndizi bukoba. Kazi yangu kwake ni dawa na soksi. Nisikilizeni hapa maana watu wanadhani soksi ni soksi. Hizi ni za kubana, za miguu inayovimba, zimebana kiasi kwamba ukizivuta vibaya unamchuna ngozi, na ngozi ya mzee wa 88 ni karatasi ya kufungia maandazi. Navaa glavu za mpira zenye vidoti, namvisha kwanza kile kisoksi cha nailoni kinachoteleza, halafu ndo naipandisha soksi yenyewe, kisigino kikae mahali pa kisigino, nainyoosha kwa viganja kutoka kifundoni kwenda juu, mikunjo yote iishe, halafu nakivuta kile cha nailoni kitoke kupitia tundu la vidoleni. Mguu mmoja dakika nne. Muda wote huo uso wangu uko kwenye magoti yake na yeye anapiga stori.

Hapa hakuna shikamoo, mnajua, kila mtu anaitwa jina lake, hata meya. Mimi ulimi ulikataa kabisa kumwita mzee wa 88 kwa jina kama naita mdogo wangu. Nikamfundisha, asubuhi nikisema shikamoo yeye ajibu marahaba. Sasa nikichelewa kuisema ananiangalia tu anasubiri haki yake.

Ubishi wetu wa wiki hii ni sangara. Nilimwambia kwetu ziwani kuna samaki anaweza kufika kilo mia na zaidi. Akacheka mpaka akakohoa. "Maji yasiyo na chumvi? Haiwezekani, mama, wewe umeona mamba." Nimemwahidi picha.

Saa 3:40 asubuhi

Jua ndo linachomoza, na kuchomoza kwenyewe ni kujikongoja, linapita chinichini pembeni mwa anga kama mtu anayepita kwenye mkutano wa watu. Nina safari ya kwenda Titran, ncha ya magharibi kabisa, kama nusu saa hivi, na njiani naiona ile mitambo ya upepo, 14, mirefu kuliko kitu chochote kisiwani. Ukitaka kuharibu kahawa ya watu Frøya itaje mitambo. Mwaka 2005 waliulizwa kwa kura wakasema sawa, kwa kura chache tu. Miaka ikapita, mitambo iliyopangwa ikawa mingine, mirefu zaidi, na mwaka 2019 wakaulizwa tena, karibu asilimia 79 wakakataa. Watu walikaa kwenye mahema huko porini kuzuia magreda, halmashauri nayo ikajaribu kusimamisha, lakini kibali kilikuwa cha serikali kuu na kura ile ilikuwa ya ushauri tu, basi ikajengwa. Mimi sikuwepo. Ila nimeogesha watu wa pande zote mbili na nawaambia mpaka leo kuna ndugu hawakai meza moja.

Ndipo nilipoelewa halmashauri hapa ina nguvu na haina. Mkurugenzi anaajiriwa na baraza lenyewe, hateuliwi na rais kama kwetu, wakichoshwa naye wanaachana naye. Meya anachaguliwa na madiwani miongoni mwao. Lakini barabara kubwa, boti za visiwani na shule ya sekondari ya juu ni za mkoa, yaani Trøndelag, hospitali ni ya serikali na iko Trondheim, zaidi ya saa mbili kwa gari, na bahari wanagawana kwa ujanja, halmashauri inapanga vizimba vikae wapi ila leseni yenyewe inatoka juu.

Saa 4:30 asubuhi, Titran

Bibi wa Titran anaishi peke yake, dirisha lake linatazama bahari tupu, mbele yake hamna kitu. Nampangia dawa za wiki kwenye kile kiboksi chenye vyumba vya siku saba, asubuhi mchana jioni usiku, vyumba 28, nahesabu kwa sauti ya chini na yeye anahesabu na mimi kama mlinzi.

Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Oktoba 1899 wavuvi wengi walikuwa nje hapo na nyavu za heringi, boti za wazi, bahari imetulia, dhoruba ikaja ghafla. Walikufa 140. Kuna mnara wa kumbukumbu hapahapa Titran. Bibi hakuzaliwa lakini anaongea kana kwamba alikuwa kwenye gati anasubiri, maana alilelewa na waliosubiri. Siku ya kwanza aliponisimulia nilishindwa kujibu. Septemba 2018 MV Nyerere ilipopinduka pale Ukara mimi nilikuwa nimeshikilia simu siku mbili nikisubiri ndugu mmoja mmoja apokee. Nilimweleza, akasogeza sahani ya biskuti karibu yangu, akamimina kahawa, hakusema kitu. Tangu hapo nikifika kahawa iko tayari, na ratiba ya simu inasema kwake nina dakika 25, mi nakaa 40, dakika kumi na tano nazitafuta kwingine.

Saa 7 mchana

Nakula ndani ya gari. Mkate, ile jibini ya kahawia tamu, ndizi. Nimeegesha karibu na barabara 714, barabara ya samoni wanavyoiita, na huwezi kumaliza mkate kabla lori halijapita. Ndani kuna maboksi meupe ya samoni na barafu, lori linazama kwenye njia ya chini ya bahari pale Hammarvika, kilomita 5.3, mita 164 chini ya usawa wa bahari, linatokea Hitra kisiwa jirani, halafu linazama tena kwenye nyingine, hiyo ya Hitra inafika mita 264 chini, linatokea bara, kesho kutwa liko Ufaransa au Polandi. Njia ya Hitra ilifunguliwa 1994, ya kwetu mwaka 2000, kabla ya hapo ilikuwa feri. Mara ya kwanza kupita masikio yaliziba nikashika mkono wa mlango kama utanisaidia.

Hii biashara yote ni ya juzi tu. Mwaka 1970 ndugu wawili wa hapo Hitra, akina Grøntvedt, ndo waliweka samoni kwenye vizimba vinavyoelea na ikakubali. Watu walikuwa wavuvi-wakulima, ng'ombe mmoja wawili, kondoo, boti. Mwaka 1991 ikaanzishwa SalMar, hapahapa Frøya, leo ni kati ya kampuni kubwa za samoni duniani na ofisi yake kuu bado iko Kverva, kijiji ambacho ukipiga chafya umeshakipita. Mwaka 2017 wakaweka kizimba kimoja cha bahari kuu kwenye maji ya Frohavet, kipenyo mita 110. Nchi nzima iliuza samoni nje kwa zaidi ya krona bilioni 120 mwaka 2023. Wasomaji wa Mwanza mnaojaribu vizimba ziwani, hesabu mnazijua wenyewe.

Saa 9:40 alasiri

Nimemaliza zamu, giza limesharudi. Nyumba za mchana zilikuwa za kawaida, vidonda, chakula, mzee aliyeficha miwani yake kwenye friji. Napitia dukani. Foleni nzima mbele yangu ni Kipolandi na Kilithuania. Unga wa ugali hapa haupo, naagiza Trondheim, mtu akienda hospitali anarudi na kilo kumi zangu.

Saa 11 jioni

Baba watoto amerudi ananuka bahari na ile harufu ya chakula cha samaki ambayo sabuni imeshindwa. Kaja na sei wawili. Huyu ni samaki wa porini, anajazana chini ya vizimba kula punje zinazodondoka, ndo wanamkausha na chumvi wanampeleka mpaka Kongo, makayabu ile ile, jirani zetu Wakongo waulizeni. Mimi namchemsha na nyanya na kitunguu, ugali pembeni.

"Chawa wangapi?" namuuliza.

"Tuko chini ya kikomo, mama watoto, kidogo tu." Uso wake unaonyesha hicho "kidogo" ni kidogo kweli. Wakizidi inabidi watibu, na pwani yote ya Norwei imegawanywa kanda 13 zenye taa kama za barabarani, mfumo ulianza 2017, kijani unaruhusiwa kuongeza samaki, njano baki ulipo, nyekundu punguza. Taa ikibadilika kule wizarani, huku mtu anajiuliza kama atanunua gari au atengeneze la zamani.

Hamjaishi wasiwasi kama Septemba 2022. Tarehe 28 serikali ikatangaza kodi mpya ya samoni, asilimia 40, juu ya kodi ya kawaida, hoja yao kwamba bahari ni ya wananchi wote na anayeitumia kutengeneza mabilioni alipe kitu. Kisiwa kilichemka. Uwekezaji ukasimamishwa, watu wakaletewa barua za kuambiwa huenda wakapumzishwa kazi, na ya kwetu ikaja, ikakaa juu ya friji miezi. Mwaka 2023 bunge likapitisha asilimia 25. Mimi nikiulizwa sina upande mmoja. Hoja ya bahari ni ya nani naielewa kabisa, nimetoka ziwani ambako minofu inapanda ndege sisi tunabaki na mapanki. Ila ile barua juu ya friji nayo niliisoma kila asubuhi.

Saa 1 usiku

Watoto wamelala, nafungua rekodi ya kikao cha baraza kwenye laptop huku nakunja nguo. Ni msimu wa bajeti, lazima wapitishe kabla mwaka haujaisha, na kabla ya kupitisha pendekezo linawekwa hadharani siku 14 kila mtu alisome. Nimesoma kurasa za idara ya wazee tu, nyingine nimeziruka, sitawadanganya.

Tatizo lao ni hili. Serikali ikiuza nafasi za kuongeza samaki, sehemu ya pesa inaingia kwenye mfuko wa ufugaji wa baharini na kugawiwa kwa halmashauri zenye vizimba. Nafasi zinauzwa karibu kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo pesa inakuja kama mvua za kwetu, mwaka huu mafuriko, mwaka ujao mnaangaliana. Tangu 2021 kuna tozo kwa kila kilo inayozalishwa, imesawazisha kidogo. Lakini soksi za mzee wangu ni kila siku asubuhi, hazijui mwaka wa mnada. Ukijenga makao ya wazee kwa pesa ya mafuriko, mshahara wa muuguzi mwaka wa kiangazi utoke wapi? Diwani mmoja alisema karibu hivyo hivyo, nikampigia makofi peke yangu sebuleni.

Na nilipiga kura Septemba 2023, bila uraia. Ukikaa kihalali miaka mitatu unapiga ya serikali za mitaa, ya bunge hapana. Nilivaa kitenge. Mhesabu karatasi alikuwa mjukuu wa mgonjwa wangu.

Saa 2:15 usiku

Nampigia kaka Ukerewe, kwao saa 4:15, yuko macho. Nataka picha ya sangara mkubwa, ikiwezekana pembeni awepo mtu mzima ionekane ukubwa, kuna mzee nataka kumfunga mdomo.

"Dada, hao wakubwa unaowakumbuka wewe ni wa enzi za baba. Siku hizi tukipata wa kilo nane tunapiga picha."

"Basi tuma hiyo ya kilo nane."

Imeingia. Kaka kamshika sangara kwa mikono miwili, kamsogeza mbele karibu na kamera ili aonekane mkubwa. Ujanja wa wavuvi. Yule mzee ataugundua kabla sijamaliza mguu wa kwanza.